Kiatu cha 380 ndicho kilichoniumbua

Wasee wangu, leo hakuna video. Leo naandika, kwa sababu hii stori nikiisema mbele ya kamera nitaanza kucheka katikati, na sitaki kucheka. Kuna mtu alipoteza pesa kwa ajili yangu, na mtu huyo ndiye alininunulia laptop ninayoandikia sasa hivi.

Mnakumbuka ile video nikijigamba vile nilimtengenezea anti yangu tovuti ya viatu? Ile nilisema digrii ni karatasi, mimi niko na laptop na bando? Ilitazamwa kuliko video zangu zote. Mpaka leo watu wananitumia meseji ati imewapa moyo waache chuo. Sasa hii hapa ndiyo sehemu ya pili, ambayo nimekuwa nikiikwepa kwa miezi minne.

Anti yangu huuza viatu vya mtumba Gikomba. Wale wanajua Gikomba wanajua bale hufunguliwa asubuhi kama jua bado linapiga miayo, na wateja wa kamera, wale wanaochagua wa kwanza, wanafika na kuondoka na mali safi kabla wewe hujapiga mswaki. Anti akaniuliza swali la akili sana: mbona kamera iwe ya watu wanaoweza kufika Gikomba saa kumi na moja asubuhi pekee? Kuna msichana wa benki hapo mjini ana pesa na hana muda. Basi tukakubaliana. Yeye apige picha, mimi nitengeneze tovuti, na kila Jumamosi saa moja jioni aweke linki kwa stetasi yake. Kila kiatu ni pea moja tu. Ukichelewa, kimeenda.

Miezi miwili ya kwanza, mambo yalikuwa safi. Mnaelewa ile raha ya kuona pesa zikiingia kwa simu ya anti yako moja baada ya nyingine, ting, ting, ting, kwa sababu ya kitu ulichoandika ukiwa umekaa kitandani? Hapo ndipo nilirekodi ile video.

Halafu akapata bale nzuri. Viatu vingi kuliko siku zote. Jumamosi hiyo saa moja jioni linki ikaenda, na tovuti ikalala. Haikufa kabisa, ingekuwa afadhali ife. Ilikuwa inafunguka baada ya sekunde ishirini, thelathini, kwa wengine ikikataa tu. Anti akanipigia: "Mami, watu wananiuliza kama nimeblokiwa." Nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu, ile ya kushusha pumzi kwanza, "Anti, hii ni seva. Umekua. Biashara imeshinda seva yako." Wasee, nilimwambia hivyo bila kuangalia chochote. Alikuwa analipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Nikampandisha mpaka 6,000. Hakubishana, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma kompyuta. Nilisoma mwaka mmoja na nusu, lakini kwake hiyo ni kusoma.

Jumamosi iliyofuata ikalala tena, kwa seva ya elfu sita.

Acha nieleze shida ilikuwa wapi, na nitaeleza polepole kwa sababu kuna mtu hapa ana tovuti ya mchujo wa timu ya mtaa ama ya kanisa na anaenda kugonga ukuta huu huu.

Fikiria kibanda cha anti. Nyuma kuna stoo, viatu vimerundikwa kwa magunia. Mbele kuna meza. Mteja akiuliza kiatu saizi 42, anti akiingia stoo kila mara kutafuta, foleni itafika barabarani. Kwa hivyo vile vinavyoulizwa sana anaviweka mezani. Kwa tovuti, stoo ni hifadhidata, na meza ndiyo inaitwa kashe. Mimi nilikuwa natumia Memcached, ambayo ni meza maarufu sana. Iliandikwa 2003 na Brad Fitzpatrick, kijana wa Marekani wa miaka 23 wakati huo, kwa sababu tovuti yake ya LiveJournal ilikuwa inalemewa na hifadhidata. Inaweka vitu kwenye RAM, kwa hivyo ni ya haraka ajabu.

Lakini hiyo meza ina sheria mbili ambazo mtu akiisakinisha anazipata zikiwa zimeshawekwa. Ya kwanza, meza nzima ni megabaiti 64. Ya pili, kitu kimoja hakiwezi kuzidi megabaiti moja. Hiyo ya pili mimi sikuijua. Kwa mafunzo niliyotazama YouTube, jamaa alisema tu "weka hapa, soma hapa, umemaliza", akapiga makofi.

Nilichokuwa nimeweka mezani ni orodha nzima ya viatu kama furushi moja. Jina, saizi, bei, maelezo, kama nusu kilobaiti kwa kila kiatu. Na kwa sababu nilitaka ukurasa ufunguke ukiwa na picha za ukungu kabla picha kamili hazijafika, ile kitu inapendeza kwa macho, nilikuwa nimegeuza kila kijipicha kuwa maandishi ya base64 na kukibandika humo humo. Base64 inanenepesha faili kwa karibu theluthi moja, kwa hivyo kijipicha cha kilobaiti 1.65 kikawa 2.2. Jumlisha: kilobaiti 2.7 kwa kila kiatu, kwa wastani.

Megabaiti moja ni kilobaiti 1,024. Gawanya kwa 2.7. Viatu 379 vinaingia. Cha 380 hakiingii.

Na hapa ndipo roho inaniuma. Kiatu cha 380 hakikukataliwa peke yake, furushi lote lilikataliwa. Na halikukataliwa kwa kelele. Nilikuwa natumia Django, na maktaba ya zamani ya Python iliyokuwa kwenye yale mafunzo. Hiyo maktaba ikiona kitu kimezidi megabaiti moja, haikitumi hata kwa Memcached. Inarudisha sifuri na kunyamaza. Hakuna kosa jekundu, hakuna mstari kwa rekodi za seva. Kodi yangu, na sio ile ya kulipia keja, haikuwa inaangalia hiyo sifuri. Kwa hivyo kila mteja aliyefungua linki, tovuti iliuliza mezani, ikapata hakuna, ikaenda stoo, ikabeba viatu vyote 400 na kitu, ikavifunga furushi, ikajaribu kuliweka mezani, ikakataliwa kimya, ikampa mteja. Mteja wa pili, vivyo hivyo. Wateja mia mbili saa moja jioni, mara mia mbili. Seva ya elfu sita ilikuwa tu punda mkubwa zaidi wa kubeba mzigo ambao haukufaa kubebwa.

Niligundua Jumanne usiku, baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimechoka kulaumu watu wa seva kwa meseji, na nikaamua kuchapisha kila kitu kashe inachonijibu. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Nikapunguza orodha ikawa viatu 300, ikajibu moja. Nilikaa hapo nikiangalia hiyo moja kama dakika tano.

Sasa mtu yeyote angefanya nini? Angetafuta "ongeza kikomo". Nami nikatafuta. Na jibu ni rahisi kabisa: unaiwasha Memcached na -I 8m, herufi kubwa, na kikomo cha kitu kimoja kinakuwa megabaiti nane. Nikaweka. Nikaiwasha upya. Hakuna kilichobadilika.

Hiyo ilinila usiku mwingine mzima. Kumbe mlango ulikuwa na walinzi wawili. Seva ina kikomo chake, na maktaba upande wa programu ina kikomo chake, na hawa wawili hawaongei. Nilikuwa nimempa hongo askari wa geti kuu na yule wa mlango wa nyumba hajaambiwa. Kwenye mipangilio ya Django, kwa hiyo maktaba, ilibidi niandike server_max_value_length na kuipa namba hiyo hiyo ya megabaiti nane. Nikaandika. Ikajibu moja. Ukurasa ukafunguka kabla sijainua kidole.

Nikampigia anti saa nane usiku. Nikamwambia nimetengeneza. Hakuniuliza nini kilikuwa kimeharibika. Aliniambia tu, "Asante mami, sasa lala."

Ingekuwa stori imeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini mimi ni mimi. Nikaona, aah, sasa niko na megabaiti nane, mbona vijipicha viwe vya ukungu? Nikavikuza, orodha ikafika kama megabaiti tatu. Halafu kulikuwa na vichujio: wanawake, wanaume, watoto, raba, ngozi, kila saizi, bei ya chini kwanza, bei ya juu kwanza. Kila mchanganyiko nilikuwa nauhifadhi kama furushi lake, na picha zake ndani.

Fanya hesabu ambayo mimi sikufanya. Meza ni megabaiti 64. Furushi la megabaiti tatu linaingia mara 21, na meza imejaa. Kikomo cha kitu kimoja nilikipandisha mara nane, meza yenyewe sikuigusa hata kidogo.

Meza ikijaa, Memcached haikwambii "pole, nimejaa". Inatoa kitu ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu ili kipya kipate nafasi. Na hata hiyo kutoa ina mambo yake: kumbukumbu yake imegawanywa kwa kurasa, na kila ukurasa hupewa vitu vya saizi zinazokaribiana. Mafurushi yangu manono yakinyakua kurasa nyingi, vitu vidogo vinabaki kusukumana kwa kurasa chache zilizobaki, na kila kidogo kipya kinamtoa kidogo mwenzake. Swali sasa ni, vitu vidogo vilikuwa nini?

Vikapu. Vikapu vya wateja. Nilikuwa nahifadhi sesheni za wateja ndani ya kashe hiyo hiyo, na kwa kashe pekee, kwa sababu ni haraka. Jumamosi hiyo tovuti ilikuwa na kasi ya ajabu na watu walikuwa wanaweka viatu vitatu kwa kikapu, wanaenda kutafuta cha nne, wakirudi kikapu kitupu. Wanaambiwa waingie upya. Mwingine ameshachukua kile kiatu. Kuna mama mmoja alimwandikia anti kwamba yeye ni mwizi. Anti, ambaye huwa anarudisha hata shilingi kumi ya chenji aliyosahau mteja. Alinitumia picha ya hiyo meseji bila kuandika chochote chini yake.

Nilizima simu mpaka Jumapili jioni. Si jambo la kujivunia lakini nilisema nitawaambia ukweli.

Kilichonisaidia ni mtu niliyesoma naye mwaka wa kwanza, ambaye hakuacha. Sasa yuko mwaka wa nne. Nilimwandikia nikitarajia anicheke na hakunicheka, aliniuliza maswali mawili tu. Kwanza: "Kitu kikubwa kabisa ulichoweka humo ni cha nini, na nani anakihitaji chote?" Pili: "Kikipotea sasa hivi, nani analia?"

Nilijibu kwa kuandika na nikajiona mjinga nikiandika. Hakuna mteja anayehitaji viatu 400 kwa wakati mmoja. Simu inaonyesha sita, labda nane. Na kikapu kikipotea mteja analia, maana yake kikapu hakikufaa kuwa mezani peke yake hata siku moja. Kashe ni mahali pa kitu ambacho unaweza kukitoa tena stoo. Kikapu hakikuwa na stoo.

Basi nikabomoa. Vijipicha nikavitoa kabisa, vikarudi kuwa faili za kawaida kwenye diski, Nginx inavigawa na simu ya mteja inavitunza yenyewe isiviombe tena. Kila kiatu kikapata nafasi yake ndogo mezani, nusu kilobaiti. Orodha ikawa ni namba tu za viatu. Ukurasa unaonyesha viatu 24, kwa hivyo tovuti inaomba vitu 24 kwa mkupuo mmoja, jumla kama kilobaiti 12. Na faida moja sikuitarajia: zamani kiatu kimoja kikinunuliwa ilibidi furushi lote litupwe na lifungwe upya, na Jumamosi jioni kiatu kinanunuliwa kila dakika. Sasa kinafutwa hicho kimoja. Sesheni nikazihamisha kwa cached_db, ambayo Django inayo tayari: inaandika kwa hifadhidata na kwa kashe pia, kashe ikisahau, stoo inakumbuka. Halafu nikarudisha kikomo pale pale kilipokuwa, megabaiti moja, pande zote mbili. Maktaba nayo nikaibadilisha, nikachukua mpya ambayo kitu kikikataliwa inapiga kelele.

Na sasa naangalia. Memcached ina amri ya stats, inakupa idadi ya vitu vilivyotolewa kwa kukosa nafasi na ni mara ngapi umeuliza ukapata ama ukakosa. Ilikuwa hapo siku zote. Mimi nilikuwa nahesabu watazamaji wa video na sikuwahi kuhesabu hizo.

Najua mnachoenda kuandika huko chini: "Tumia Redis." Sawa, Redis ni poa, na kitu kimoja kinaweza kufika megabaiti 512. Lakini hiyo ndiyo ingenimaliza kabisa. Kwa mashine za siku hizi Redis ukiisakinisha haina kikomo cha kumbukumbu mpaka wewe ukiweke, kwa hivyo ningejaza RAM yote na kuua seva nzima. Ukiweka kikomo na usiguse sera ya kutoa vitu, ya mwanzo ni kutotoa chochote, inakataa tu kuandika vipya. Na pia Redis inahudumia amri moja baada ya nyingine. Furushi kubwa likiwa mbele, wengine wote wanangoja, kama ile siku uko nyuma ya mtu amekuja kwa duka la M-Pesa na mfuko wa sarafu za harambee. Hata Nginx ukiiambia itunze majibu kwa diski na usahau kuipa max_size, itakula diski mpaka nafasi iishe. Kila meza ina sheria yake, soma sheria ya meza uliyonunua.

Sisemi kuongeza kikomo ni dhambi. Kama una ripoti ya PDF ya megabaiti tatu, inachukua dakika nzima kutengeneza, na ziko tano tu, weka kikomo cha nne, panua meza iwe 256, lala usingizi. Hapo unajua kitu ni kikubwa kwa nini, na unajua viko vingapi. Mimi sikujua lolote kati ya hayo mawili.

Sasa ile mambo ya chuo. Sikuacha chuo kwa ujasiri, kama nilivyowaacha mdhani. Niliacha kwa sababu karo ilikosekana muhula wa pili wa mwaka wa pili na jina langu likatolewa kwa orodha ya mtihani. Nilipotosha hiyo stori kwa sababu "nilichagua" inasikika poa kuliko "nilishindwa kulipa". Yule rafiki yangu alinitumia picha za noti zake za somo la mifumo endeshi, za mwaka wa tatu. Ukurasa mzima ni juu ya nini kitolewe kumbukumbu ikijaa. Kilichochorwa pale kwa kalamu ya bluu ndicho kilichotoa vikapu vya wateja wa anti. Ningekuwa darasani ningeijua? Labda ningekuwa nimelala nyuma. Sijui. Lakini wale mnaoniandikia kwamba mnaacha kwa sababu ya video yangu, ngojeni kwanza. Ile video nimeitoa.

Anti nilimwambia kila kitu ana kwa ana, kibandani, katikati ya wateja, kwa sababu ningengoja tuwe peke yetu ningeghairi. Nikamweleza habari ya meza na stoo. Akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. "Kwa hivyo uliweka gunia zima juu ya meza," akasema, "halafu ukanilipisha meza kubwa." Ndiyo anti. Tofauti ya seva kwa miezi miwili ilikuwa 9,000. Nilimtumia 4,000 hapo hapo, na 5,000 nikamalizia mwezi huu, pesa za tangazo moja la mafuta ya nywele mliloniona nalo. Tumerudi kwa ile seva ya 1,500. Jumamosi iliyopita ilibeba viatu 612 na sikuona chochote kikitolewa mezani.

Yule mama aliyemwita mwizi hajarudi. Anti alimpigia mara mbili.

Kesho kutwa anafungua bale la mikoba. Ameshanitumia picha 210, kila moja megabaiti nne, zingine zimepigwa kichwa chini, na kuna moja ni ya kidole chake tu. Acha nianze kuzipunguza kabla token haijaisha.